Ndevu za Mzee Matemu

"Mlamba asali hahukumu pombe."

Shangazi Anaeli aliyasema hayo huku akiondoa sahani ya keki mbele ya Gileadi, mpwa wake. Vijana wa ukoo walikuwa wamepanga mezani chupa za pombe za kienyeji zinazotengenezwa na viwanda vidogo vya huko nyumbani, wanaonja moja baada ya nyingine na kuzipa alama. Gileadi alikuwa ndiyo kwanza ameitupilia mbali pombe ya ndizi ya binti mmoja jirani kwamba ni chachu, haifai hata kuoshea vyombo. Midomo yake ilikuwa bado ina sukari ya keki.

Wakacheka, kisha wakamtaka shangazi awaambie methali hiyo ameitoa wapi. Shangazi si mtu wa kuombwa mara mbili. Akavuta kiti, akawaambia kwamba ilitokea huku huku migombani, katika posa ya mtu, na kwamba ilianza hivi.

Palikuwa na mwanamke mjane jina lake Aikaruwa. Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, Elifuraha, na kijana huyo alimpenda Manka, binti wa ng'ambo ya mto. Manka naye alimpenda Elifuraha, tena bila kuficha, jambo lililowafanya wazee wa kwao wakohoe kila mara jina lake lilipotajwa. Lakini kupendana peke yake hakukutosha. Katika ukoo wa kina Manka, posa ilipelekwa pamoja na mbege, pombe ya ndizi na ulezi, na mbege hiyo ilipikwa na mama wa kijana kwa mikono yake. Mzee mwonjaji akiinywa na kumpa kata aliyeketi kando yake, mazungumzo yanaanza. Akiimwaga majanini, wageni wanabeba mitungi yao wanarudi walikotoka. Na pombe ya mtu mmoja haikuonjwa mara mbili. Ikikataliwa, imekataliwa, na binti anasubiri wengine.

Wengine wenyewe walikuwa hawako mbali. Kila mtu alijua kuna familia yenye ng'ombe wengi iliyokwisha kuloweka ulezi wake, inangoja tu kusikia Aikaruwa amerudishwa.

Kwa hiyo Aikaruwa aliipika pombe ile kama mtu anayemlea mtoto mgonjwa. Alizichemsha ndizi mbivu mpaka zikawa nyekundu, akaziacha zitulie, akachuja. Ulezi aliuotesha, akauanika, akausaga na kuupika uji mzito, akauchanganya. Baridi ya milimani ilikuwa kali msimu ule na ulezi ulichelewa kuota, akakesha na wasiwasi. Asubuhi ya posa aliionja yeye na wifi yake. Wifi mtu alikuwa na ulimi wa kiwembe, hakuwahi kumsifia mtu hata maji ya kunywa. Siku hiyo alinyamaza, akajichotea tena. Aikaruwa akapumua.

Mwonjaji wa upande wa binti alikuwa Mzee Matemu, ndugu wa babu yake Manka. Huyu alikuwa na sifa yake, na haki ya Mungu aliistahili. Alikuwa akionja pombe anakwambia ndizi zilikatwa changa au zilikomaa, na kuni zilikuwa mbichi au kavu. Hakuwa mtu wa kupewa chochote ili aseme uongo. Kwa sababu hiyo watu walimwita kuonja kila kitu: maziwa ya ng'ombe aliyezaa karibuni, supu ya kichwa cha mbuzi, hata uji wa mzazi. Naye hakukataa. Mwito wa kuonja ulikuwa kwake kama mwito wa kanisani, isipokuwa kanisani alichelewa.

Wageni walifika, wakapokelewa, wakaketi. Aikaruwa alipiga magoti kwenye majani mbele ya mtungi, akachota kata ya kwanza, akampa Mzee Matemu kwa mikono miwili. Mila ilimtaka asiseme lolote juu ya pombe yake. Walikuwa wakisema pombe hujitetea yenyewe.

Mzee Matemu akanywa funda moja. Uso wake ukajikunja.

"Chachu," akasema.

Akanywa tena, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki. "Chachu, tena chungu. Mama, hii umeipikia nani?"

Akaimimina iliyobaki majanini.

Ndugu yake aliyekaa kando aliomba naye aonje, akapewa. Akakunja uso kabla kata haijamfika mdomoni. "Ni kweli. Chachu." Wa tatu akaonja, akasema meno yanamuuma. Wa nne alitingisha kichwa tu kwa huzuni, kama aliyeona msiba. Watu wazima hao, kila mmoja na ulimi wake kinywani, na wote walionja kwa ulimi wa Matemu.

Aikaruwa alibaki amepiga magoti. Alimwona mwanawe amesimama kule nyuma na wenzake, ameinamisha kichwa. Nyuma ya nyumba ilisikika sauti ya binti akianza kulia na mwanamke mwingine akimnyamazisha. Kilichomuumiza Aikaruwa zaidi ni kwamba alianza kujishuku. Labda ulezi kweli haukuota vizuri. Labda wifi yake alinyamaza kwa kumwonea huruma. Mtu akiambiwa na wanne kwamba mtoto wake ni mbaya, hata yeye humtazama mara ya pili. Machozi yalimlengalenga, akainama akusanye kata zake aondoke.

Hapo ndipo nyuki alipokuja.

Aliupita mtungi uliokuwa wazi, akaenda moja kwa moja kwenye ndevu za Mzee Matemu. Mzee akamfukuza kwa mkono. Akarudi, safari hii na mwenzake. Aikaruwa alikuwa karibu, bado yuko magotini, akaona jambo ambalo waliosimama hawakuliona. Ndevu za mzee, upande wa kushoto, zilikuwa zimeshikana na zinang'aa.

Lakini angesemaje? Kumwambia mwonjaji amekosea kungekuwa matusi, na kuitetea pombe yake kulikatazwa. Akafikiri kidogo, kisha akafanya kile ambacho hakuna mila duniani inayokikataza. Akasalimia.

"Shikamoo tena, baba."

"Marahaba, mama," Mzee Matemu akajibu, sauti yake imelainika kidogo, maana hakuwa mtu mbaya. "Nendeni salama. Usilie, ndiyo dunia."

"Asante, baba. Tutakwenda. Ila ni vibaya kuondoka kwa watu bila kuulizana hali. Mmeamkaje huku? Kazi zinakwendaje?"

"Kazi zipo. Mimi leo sikushika jembe. Nilianzia kwa Kileo hapo juu, anashusha mizinga yake."

"Oo! Ameshusha mizinga?" Aikaruwa akauliza, macho chini kama mkwe. "Na asali mwaka huu imekaaje, baba?"

Mwulize mwonjaji habari za kitu alichoonja, umemfungulia bomba. Uso wa Mzee Matemu ukachangamka, akasahau hata kama palikuwa na posa.

"Wewe mama! Asali ya mwaka huu usiniulize. Nyuki wamekula maua ya kahawa tupu. Ameniita niionje, nikasema kidogo tu, akanipa sega zima, nikalila lote na nta yake, na mpaka nashuka huku bado nalamba vi..."



Mkono wake ulipanda taratibu mpaka kwenye ndevu. Ukanata. Nyuki wa tatu alikuwa ameshatua.

Aikaruwa hakuinua macho, lakini alikuwa akimwomba Mungu kwa majina yote aliyoyajua. Alijua kwamba sasa yote yako mikononi mwa mzee yule na kiburi chake. Mtu aliyesifiwa maisha yake yote kwa ulimi wake, kukiri mbele ya wageni, mbele ya wadogo zake, kwamba ulimi umemdanganya, si kazi nyepesi. Angeweza kujifuta ndevu na kusema basi, tumeshamaliza, na hakuna ambaye angembishia.

Mzee Matemu alimtazama mwanamke aliyepiga magoti, kisha akatazama pale majanini alipomimina kata.

"Mwacheni mama akae," akasema. "Mtungi usiondoke."

"Kaka," mdogo wake akamwambia, "pombe ikishamwagwa imemwagwa. Haionjwi mara mbili."

"Nani ameionja? Mimi kinywa changu kilikuwa kimejaa asali ya Kileo. Ukitoka kwenye asali hata maziwa ya mama yako utasema chachu. Pombe ya huyu mama bado haijafika ulimini kwangu." Akawageukia wengine. "Nanyi mlioumwa meno, mlikula asali ya nani?"

Aliyetingisha kichwa kwa huzuni alianza kuchunguza kidole chake cha mguu.

Mzee akaagiza maji. Akanawa ndevu, akasukutua, akatema, akasukutua tena. Akaletewa ndizi ya kuchoma isiyo na chumvi, akaitafuna polepole huku akifukuza nyuki wa mwisho. Kisha akangoja kinywa kipoe.

Kwa Aikaruwa ndio ulikuwa wakati mgumu kuliko wote. Kwanza alikataliwa na alikuwa na la kusingizia. Sasa kinywa kilikuwa kinasafishwa, na kama pombe ingekataliwa tena, ingekuwa imekataliwa kweli, na mpishi ni yeye. Alitaka kumwambia mzee aache tu. Alitaka pia amharakishe. Mzee aliponyoosha mkono, Aikaruwa alichota kata kwa haraka, nyingine ikamwagikia kwenye kanga.

Mzee Matemu akanywa funda moja. Akafumba macho. Akanywa la pili. Kisha akainua kata akaimaliza yote, akaigeuza juu chini ili watu waone, akamrudishia Aikaruwa aichote tena. Iliyojaa akampa ndugu yake wa kando.

"Ndizi zimekomaa," akasema. "Ulezi umechelewa kuota kidogo kwa ajili ya baridi, lakini mpishi ameungoja. Wapishi wengi hawangoji. Mtoto aliyelelewa na mtu anayejua kungoja, mimi simkatai. Aika, mama, asante. Karibuni tuzungumze."

Nyuma ya nyumba wanawake walipiga vigelegele kabla hajamaliza. Aikaruwa akakaa pale pale majanini, akanyoosha miguu mbele ya wakwe bila haya, akalia na kucheka kwa pamoja. Elifuraha alikuja akachuchumaa kando yake, akamshika bega. Wifi mtu akatoa leso, akamfuta uso kwa nguvu. "Nilinyamaza asubuhi kwa sababu ilikuwa nzuri," akamnong'oneza. "Usinizoeshe kusema." Ndipo Aikaruwa akakumbuka kwamba hajala kitu tangu jana, akasikia njaa, na ilikuwa njaa tamu ya mtu ambaye mzigo wake umetuliwa.

Yule aliyeumwa meno aliomba kata ya tatu. Akajazwa, akachekwa, akanywa.

Siku ile Mzee Matemu alisema mbele ya wote, ili asije akasemwa kando: "Tangu leo nikiitwa kuonja, niulizeni kwanza nimetoka wapi. Mlamba asali hahukumu pombe." Watu walilichukua kama utani, wakawa wanamrushia kila akipita na kata mkononi. Naye alicheka pamoja nao.

Lakini neno lilitoka kwenye mitungi likaingia kwenye mambo ya watu, na aliyeliingiza ni yeye mwenyewe.

Elifuraha na Manka walioana, wakajenga, wakazaa, na siku moja, kama mume na mke wowote, wakagombana ugomvi wa kweli. Manka alidamka akaenda kwa Mzee Matemu. Alimpikia, akamfulia koti, akamweka mtoto wake mdogo mapajani pa mzee, kisha akamweleza yote kwa machozi, tangu mwanzo mpaka mwisho. Mtoto alilala kifuani pa mzee ameshika ndevu zile. Elifuraha alipofika baadaye, anahema, wazee walikuwa wamekwisha kukusanyika, wakamwomba Mzee Matemu atoe hukumu, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa haki kumshinda.

Mzee Matemu alimtazama yule kijana aliyesimama peke yake mlangoni, ambaye bado hajasema hata neno moja, na moyoni mwake akakuta tayari amemkasirikia. Akashtuka. Akamnyanyua mtoto taratibu akamrudisha kwa mama yake, akasimama, akachukua fimbo yake.

"Tafuteni mwingine," akawaambia. "Kijana huyu asije akamwagwa majanini bure. Mlamba asali hahukumu pombe."