Supu Yenye Mafuta ya Fisi

Kale, wanyama walipokuwa wakisemezana na hawajaanza kutuonea haya sisi watu, jua lilijikalia angani mwaka mzima bila kupisha wingu hata moja. Madimbwi yakapasuka kama visigino vya mchungaji. Mto mmoja tu ukabaki unatiririka, Mto Kirurumo, na huo nao ulikuwa taabu tupu, kwa sababu kule juu kwenye kona yake Fisi alikuwa amechimba shimo la mafuta.

Mafuta hayo Fisi alibadilishana na wanyama wa ng'ambo kwa nyama, basi akawa ananenepa kila kukicha. Lakini shimo lilitoa pia tope jeusi, zito kama uji wa ulezi, na kwa uvivu wake Fisi alilisukumia mtoni. Tope likatanda chini, likawafunika konokono. Juu ya maji ukaelea utando unaometameta rangi saba. Wanyama walipolalamika, Fisi aliwaambia mto umejipamba kama bibi harusi, wao ni washamba tu, hawajui urembo.

Sungura alikuwa na watoto saba, ndiyo maana mkewe aliitwa Mama Saba. Watoto walikuwa wametoka vidonda midomoni, na yule mdogo kabisa alikuwa hafungui macho. Kuhama haikuwezekana. Mto mwingine ulikuwa mwendo wa siku nne, na watoto wale wasingefika hata nusu ya njia. Mara zikaja habari kwamba keshokutwa Simba mwenyewe atashuka mtoni kugonga mguu wake kama muhuri kwenye ngozi ya ruhusa, ili Fisi achimbe shimo la pili. Hilo likichimbwa, basi tena.

Sungura akaenda kwa Simba. Na Simba mnamjua: ukitaka akusikilize, sharti kwanza usifu manyoya yake. Sungura alisifu mpaka ulimi ukamkauka. Alipofika kwenye habari ya mto, Simba alicheka. Akasema kila asubuhi Fisi humletea kibuyu cha maji ya mto huo huo, matamu, baridi, wala hajawahi kuumwa hata kucha.

"Labda watoto wako ni wadekaji," akasema.

Sungura aliinama, akaaga kwa adabu zote, akaondoka anatafuna masharubu yake. Akili za kumshinda Simba kwa maneno alikuwa nazo, ila angezitumia angeliwa. Akaona bora ashughulike na Fisi, maana Fisi hana siri. Siri zake zote ziko tumboni.

Siku ilipofika, Sungura aliinjika chungu kikubwa ukingoni mwa mto, akatia mifupa aliyoiokota kwenye mabaki ya chakula cha Simba. Mama Saba akachota maji ya mto mbele ya macho ya wote. Wakaongeza vitunguu, tangawizi, na pilipili ya kutosha kumliza tembo. Ule utando wa rangi saba ukapanda juu ya supu, ukawa unachezacheza.

Fisi alikuja na Simba, lakini pua yake ilifika kwanza.

"Shemeji," akamwambia Mama Saba, "humo mna nini?"

"Supu ya mfalme," Sungura akadakia.

"Ina mafuta?"

"Mengi tu. Tena mafuta yako mwenyewe, Bwana Fisi."

Fisi akatabasamu hadi magego. Alidhani amewekewa fungu lake la mifupa iliyonona. Shimo halikumpitia kichwani hata kidogo.

Sasa, desturi ya nchi ile ilikuwa kwamba chakula cha mfalme hakiliwi mpaka anayemwandalia aonje kwanza mbele yake. Waliita kutoa sumu. Sungura akanyoosha mkono achukue upawa, polepole, kama mtu asiye na haraka ya maisha. Fisi akaunyakua.

"Kaa pembeni, kijana. Aliyemkaribisha mfalme hapa ni mimi. Mwenye kutoa sumu ni mimi."

Desturi ilitaka funda moja. Fisi aliutupa upawa, akazamisha kichwa, akaja kukitoa chungu kikiwa nusu.

Kwanza alijilamba. Kisha tumbo lake likanguruma hata Simba akageuka kutazama ni nani anayemjibu. Fisi akaanguka, akagaagaa, akaomba maji. Mama Saba, mwenye huruma za mama, akachota kata moja mtoni haraka akamletea.

Fisi akaisukuma kata. "Si hayo, shemeji. Ya chemchemi. Nyuma ya nyumba yangu, ninakojazia kibuyu cha mfalme."

Hapo macho yote yakamgeukia Simba.

Simba alitembea hadi majini, akatumbukiza mguu wa kulia, ule ule aliokuja kugongea ruhusa. Ukatoka mweusi mpaka kwenye kiwiko, unanuka, na alipoukung'uta tope lilimrukia kwenye manyoya. Alimsogelea Fisi taratibu.

"Kuanzia leo chemchemi ni ya watoto," akasema. "Wewe utakunywa hapa."

"Mpaka lini, mtukufu?"

"Mpaka uniletee kibuyu cha maji ya mto huu niyanywe bila kukunja uso."

Shimo likafukiwa siku hiyo hiyo. Watoto saba wa Sungura wakawa wa kwanza kwenye chemchemi, na siku ya tatu yule mdogo akafungua macho, akaanza kusumbua kama wenzake. Fisi naye aliingia mtoni na kikapu. Miaka yote alikuwa akiapa kwamba tope lile halizoleki, liko chini mno, zito mno, kazi ya vizazi. Kumbe linazoleka. Alizoa alfajiri, akazoa adhuhuri, akazoa bila kusimamiwa na mtu, kwa sababu safari hii kiu ilikuwa yake.