Fuko wa Shimo la Saba

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, msinicheke, huko Kitui aliishi Nzilani, mkamataji wa fuko. Si fuko wowote: hawa wasio na manyoya, meno nje, wanaokaa chini ya ardhi na malkia wao. Nzilani hutoboa njia yao, hungoja waje kuiziba, kisha chap! jembe nyuma yao.

Alimkamatia Dokta Halake, aliyesoma vinasaba vyao ajue koo zipi ni moja na zipi ni mbali. Baadaye kila fuko hurudishwa kwao. Ukimtia shimo la wengine, ole wake! Ni vita mpaka wote waishe.

Basi Nzilani hutia kila ndoo udongo wa shimo lake. Akiunusa tu, ameshajua ni fuko wa shimo gani. Siku moja Dokta akafoka, "Mama, udongo wako unachafua sampuli! Osha ndoo zote." Akaosha, kanuna. Jua likawaka. Musembi, dereva, akaona fuko wanahema, akawahurumia, akafunua vifuniko. Kumbe namba za mashimo ziko kwenye vifuniko! Akavirudisha kwa kukisia.

Alasiri, akiimimina ndoo ya saba shimoni, Nzilani aliona malkia si yule, ni wa shimo la nane. Yule wa saba alikuwa mrefu zaidi. Moyo ukamwambia, sema. Akajijibu, "Si wanajua kila kitu? Na hili wajue." Akanyamaza, na tangu hapo usingizi ukamhama.

Baada ya miezi miwili, majibu ya vinasaba yakaja: fuko wa shimo la saba ni ukoo usioonekana popote pengine. Wakakimbilia huko, wakachimba. Shimo la saba, mifupa. La nane, mifupa.

Wakubwa wakaja juu: mmoja afukuzwe kazi, jina lake lifike leo.

"Mimi nilitaka sampuli safi," alisema Dokta. "Bila hizo, nani angejua ukoo huu ulikuwepo?"

"Mimi niliwaonea huruma," alisema Musembi. "Wangekufa kwa joto palepale."

Kisha wote wawili wakamgeukia Nzilani. "Mama, wewe peke yako huna kosa. Tuamulie wewe. Andika jina."

Wakampa kalamu. Nzilani ana watoto watatu shuleni na kazi hiyo moja tu. Akaketi, akainuka, akaenda mlangoni, akarudi, akaketi, akainuka tena.

Haya, ninyi wepesi wa kuhukumu, mwanamke anahangaika na kalamu mkononi. Je, aandike jina la nani?