Mistari ya Bi Masika Ukingoni mwa Noti

Mnacheka nini? Kila mkiniona nasugua ukingo wa noti kwa kidole gumba kabla ya kuwafungia vitumbua, mnakonyezana. Leo Mwalimu Tunu kaniuliza waziwazi, "Bibi Zuhura, unaipapasa ya nini?" Haya, vitumbua havijaiva upande wa pili, basi tulieni niwaambie. Na wewe wa nyuma acha kusukuma, havitaisha.

Siku zile karatasi ilipokuwa bado haijawa pesa, watu wa mji wa Pakamwe walitumia sarafu. Ya shaba ilikuwa na tundu katikati, ya fedha ilikuwa na meno pembeni, na ya dhahabu ilikuwa nzito, ukiifumbata tu unaijua. Katika mji huo aliishi Bi Masika, muuza uji. Alikuwa haoni tangu utotoni, lakini nani angethubutu kumdanganya? Sarafu ikigusa kiganja chake, keshaitambua. Na asiye na kitu alipewa bakuli lake vilevile, akaambiwa, "Kunywa, mwanangu, usikae na njaa."

Mmoja wa waliokunywa hivyo alikuwa Shamte, aliyekuja mjini mikono mitupu kujifunza kuchonga milango. Miaka mitatu alishiba kwa mkono wa Bi Masika. Akawa fundi, tena fundi hasa, mpaka mfalme akamwita. Mfalme alikuwa amechoka na uzito wa sarafu, akataka noti za karatasi, nzuri kuliko kitu chochote kilichopata kuonekana Pakamwe.

Shamte akachonga vibao vitatu vya kupigia chapa. Kwenye noti ndogo alimtia tembo na mwanawe, kwa sababu tembo haachi mtoto nyuma. Kwenye noti ya kati alitia mkarafuu ulioinama kwa maua, kuwakumbuka wakulima na jasho lao. Kwenye noti kubwa alitia uso wa mfalme. Akavipiga msasa vibao vyake siku nzima, maana alijivunia kazi laini, isiyo na hata kovu. Noti zilipotoka, jamani, watu walizishika kwa ncha za vidole wakaona hata uchungu kuzitumia.

Juma lilikuwa halijaisha, Shamte akapita kwa Bi Masika asubuhi kama kawaida yake. Akakuta meko yamepoa na chungu kimefunikwa.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi, mwanangu. Kuna mtu kanipa karatasi ya kufungia karanga, nikampa uji na chenji juu. Mwingine naye kafanya hivyo hivyo. Nasikia picha zako ni nzuri mno, hongera. Lakini mimi kwangu karatasi zote ni moja. Uji basi tena."

Shamte aliona aibu, akaketi pale chini. Ule ulaini aliousifia ndio uliomzimia moto mama yule. Chungu kile ndicho kilichomlisha Bi Masika, na ndicho kilichomlisha yeye.

Sasa sikilizeni. Wachongaji wa Pakamwe walikuwa na desturi yao. Mlango ulibebwa na wapagazi vipande vipande, na ili visichanganyike, fundi alikata alama ukingoni, pale kidole gumba cha mbebaji kinapokaa. Mkato mmoja ubao wa kulia, miwili wa kushoto, mitatu kizingiti cha juu. Mpagazi hakuwa na haja ya kutazama. Shamte akaikumbuka desturi hiyo. Akarudi kwenye vibao vyake, akachimba mistari ukingoni kwa kina, ili karatasi ikikandamizwa ivimbe mahali pale. Mmoja kwa tembo, miwili kwa mkarafuu, mitatu kando ya uso wa mfalme.

Waziri alipoziona noti mpya alipiga kelele. "Umemkwaruza mfalme! Umemtia alama za wapagazi!" Ikaamriwa Shamte anyang'anywe patasi zake, asichonge tena maishani. Akaomba jambo moja tu, kwamba Bi Masika, aliyekwisha kumfundisha hesabu ya mistari ile, aitwe kwanza.

Bi Masika akaletwa mbele ya mfalme. Akapewa noti ya kwanza, akapitisha kidole. "Tembo." Ya pili. "Mkarafuu." Waziri, kwa ujanja wake, akampa karatasi ya karanga. Bi Masika akamrudishia. "Hii kafungie karanga zako, baba." Baraza zima likacheka, hata walinzi. Kisha akapewa noti kubwa, akaihesabu mistari mitatu kwa kidole.

"Mfalme wangu," akasema, "miaka yote wananisimulia uso wako. Leo ndiyo mara ya kwanza nimejua mwenyewe kwamba ninaushika."

Mfalme akaomba ile noti. Akafumba macho, akapapasa ile mistari mitatu. Alipoyafumbua akaamuru Shamte arudishiwe patasi zake, na noti isitoke tena bila alama za wapagazi. Bi Masika alimshika Shamte mikono, akilia na kushukuru. Shamte naye akamjibu, "Mama, mimi ndiye wa kushukuru. Kesho nitakuja kunywa uji."

Na tangu siku hiyo noti huwa na mistari ya kukwaruza ukingoni, pale pale kidole gumba kinapokaa. Ninyi mnatazama wanyama na mapambo, mistari hamuioni.

Mimi huu mwaka wa pili macho yananiaga. Sikumwambia mtu. Nyuso zenu ni ukungu mtupu, nawajua kwa sauti. Nilidhani nitaliweka chini karai langu, nikae ndani nisubiri kuletewa chakula. Lakini bado nipo hapa, nakaanga. Kila asubuhi nawaombea dua fundi yule na mama yule.

Haya Mwalimu, lete noti yako. Mistari miwili. Shika vitumbua vyako, mwanangu, na hicho cha juu sikuuzii. Hicho ni asante, kwa kuwa wenzako walicheka, wewe ukauliza.