Kibali Kimoja, Walimu Watatu

Hapo zamani, na msianze kunipigia hesabu za miaka, maana ni zamani ya juzijuzi, palikuwa na mama mmoja, mwalimu wa Kiingereza huko Moshi, jina lake Tumsifu. Amefundisha miaka kumi na miwili. Akasikia Vietnam wanatafuta walimu wa Kiingereza, akaacha kazi. Ndugu wakamfanyia sherehe ya kumuaga, wakachoma mbuzi mzima, mashangazi wakalia, mchungaji akaomba. Mtu aliyeagwa hivyo harudi baada ya miezi mitatu. Harudi, jamani! Atapita njia gani?

Akafika. Bi Thuy, mwenye shule, akatazama vyeti, akamtazama Tumsifu, akatazama vyeti tena.

"Vyeti vizuri mno," akasema. "Ila wazazi wanataka mwalimu anayefanana na Kiingereza."

Mimi sijui Kiingereza kinafananaje, lakini Bi Thuy alikuwa naye tayari: Lukas, kijana wa Slovakia, mrefu, macho ya buluu. Kwao Kiingereza si lugha yao. Alikiokota ukubwani, akihudumia meza hotelini. Haidhuru! Picha yake ilibandikwa getini, wazazi wakapanga foleni.

Basi wakagawana kazi. Tumsifu akawekwa stoo, wazazi wasimwone, akaandaa masomo neno kwa neno, akasahihisha madaftari. Lukas akasimama mbele, akasoma alichoandikiwa, akatabasamu. Watoto wakajua kuandika. Kusema je? Hakuna aliyefungua mdomo.

Wa tatu ni Kombo wa Pemba, zamani alitembeza watalii. Naye alikwenda kutafuta ualimu, lakini cheti chake pekee kilikuwa cha kuzaliwa, akapewa kusimamia foleni ya chakula. Kombo akaona watoto wanapokea chakula kimya, wanaondoka. Roho ikamuuma. Kwao mtu hapiti hivihivi.

"Hapa hupati wali mpaka umenijulia hali," akawaambia kwa Kiingereza. "Umeamkaje? Nyumbani hawajambo? Mama hajambo? Bibi je, mguu umepona?"

Njaa ni njaa. Watoto wakajifunza.

Miezi mitatu ilipopita akaja mkaguzi, Bi Hilda, Mwingereza mtu mzima aliyetumwa na serikali, kuamua kama shule ipewe kibali cha mwalimu wa kigeni. Akapekua madaftari, safi. Akamgeukia mtoto wa kwanza: "Jina lako nani?"

Mtoto akashangaa. Jina, kabla ya salamu? Akasimama: "Umeamkaje, bibi? Nyumbani hawajambo? Mama hajambo?"

Bi Hilda akavua miwani. Mama yake alikuwa amezikwa mwezi uliopita, na tangu azikwe hakuna mtu aliyemuuliza habari za nyumbani. Akalia mbele ya darasa. Watoto arobaini wakasema pamoja: "Pole." Kombo alikuwa ametafuta neno la Kiingereza linalotosha, akalikosa, akawapa letu. Bi Hilda hakuwahi kulisikia, lakini lilimwingia. Akatoa kibali, kimoja tu. Wawili waondoke Ijumaa.

Hapo ndipo urafiki ulipoishia.

Tumsifu akasema: "Kila neno lililotoka darasani nililiandika mimi. Nimefundisha miezi mitatu nikiwa nimekaa stoo. Nimeacha kazi yangu, hata kiti changu kina mtu. Kibali ni changu."

Lukas akasema: "Mama, bila sura yangu ungemfundisha nani? Madawati? Watoto waliletwa na picha yangu. Sikuomba kuzaliwa nayo, lakini ndiyo iliyofanya kazi. Kibali ni changu."

Kombo akasema: "Ninyi mlifundisha Kiingereza, mimi nikafundisha kusema. Bi Hilda hakulia kwa sababu ya daftari, wala hakulizwa na macho ya buluu. Kibali changu."

Bi Thuy akashika kichwa. Akimwandika Tumsifu, wazazi wanaondoa watoto. Akimwandika Lukas, ataandikiwa masomo na nani? Akimwandika Kombo, serikali itadai cheti.

Na ninyi mnaotaka kuniambia waandikwe wote, nyamazeni kwanza. Karatasi ina mstari mmoja. Tumsifu amesimama mlangoni, na Bi Thuy ameshafungua kalamu.

Je, nani alistahili? Na huyo mliyemchagua, mngempeleka mtoto wenu kwake?