Sahani Hairudi Tupu

Hapo zamani, wala si zamani za majini kusema na watu, bali zamani ambazo sahani zake bado zimo makabatini, palikuwa na muadhini huko Pemba, juu ya kilima chenye mikarafuu, jina lake Mzee Shaame Faki. Msikiti ulikuwa bondeni. Mzee Shaame alishuka kwa miguu, akapanda kwa miguu, na sauti yake ndiyo iliyokuwa saa ya kitongoji kizima.

Akapatwa na ugonjwa wa sukari. Daktari akamwambia, "Dawa yako kubwa ni kinywa na miguu. Kinywa kizuie, miguu iendeshe."

Mzee Shaame akatii. Akala mkate wa mofa na samaki wa kuchoma, na chai ya sukari akaiacha kama mtu aachavyo rafiki mbaya. Kila alasiri rafiki yake, Mzee Kombo, alipita nje ya nyumba akakohoa. Kikohozi kile hakikuwa cha kifua. Kilikuwa cha kuitana. Wakatembea hadi njia panda na kurudi. Shaame akirudi na vumbi, mkewe Bi Zuwena humwosha miguu, akimkagua kidole kwa kidole, kwa kuwa sukari ilikuwa imeiba hisia za nyayo zake, hata mwiba ukimchoma hakujua.

Kombo akakohoa, Shaame akatembea, Zuwena akaosha. Mambo yakaenda hivyo hata Ramadhani ikapita, ukaandama Mfunguo Mosi, mwezi wa Sikukuu na arusi, ambao vinywa vyote hufunguka.

Bi Zuwena aliuogopa mwezi huo. Akajiwekea sharti moyoni: tamu isilale nyumbani mwangu. Siku ya Sikukuu jirani wa juu alipoleta halua, Zuwena aliifunika kawa, akaipeleka kwa jirani wa chini. Lakini nani asiyeijua ada? Sahani hairudi tupu. Jirani wa chini akairudisha na visheti. Visheti akavipeleka nyumba ya tatu, sahani ikarudi na kaimati. Kaimati akazipeleka nyumba ya nne, sahani ikarudi na tambi za sukari. Kadiri alivyotoa ndivyo alivyopokea, na mwenye kupiga hesabu angeona kwamba nyumba iliyoikimbia tamu ndiyo iliyoipata kuliko zote. Ni kweli, haikulala humo. Ilikuwa ikipita tu. Na ilipitia barazani, alipoketi Mzee Shaame na wageni.

"Kidogo tu," alisema, akinyoosha mkono.

"Kidogo na kidogo si kidogo, bwana," Zuwena alimnong'oneza.

"Basi waambie majirani wasirudishe."

"Niwaambie kwa sababu gani?"

"Sababu usiwape. Nyumba ina mlango, Zuwena. Wakijua muadhini ni mgonjwa, watatafuta mwingine."

Zuwena akafunika sahani nyingine.

Alasiri ile Mzee Kombo alifika kama ada, akaona viatu vya wageni mlangoni. Muungwana hamtoi mwenyeji katikati ya wageni wake. Akakimeza kikohozi, akapita. Kesho yake akaviona viatu, akameza. Siku ya tatu akaviona, akameza. Viatu vilipokuja kuondoka, Kombo alikuwa amekwisha zoea kutembea peke yake.

Kisha akaja Bi Time, dada yake Shaame, kutoka Unguja, na jozi ya makubadhi mapya. Alikuwa ameyanunua kwa kipimo alichokikumbuka, cha mguu wa kaka yake wa ujanani. Yakambana.

"Ngozi hulegea ikivaliwa, kaka," alisema. Na tonge la biriani akamtilia kinywani kwa mkono wake, kama mama yao alivyokuwa akiwafanyia. Ugonjwa aliujua, maana kaka yake hakumficha. "Hiyo sukari nitaigombeza mimi," akamnong'oneza, akicheka.

Mzee Shaame akayavaa makubadhi yale arusi hii na arusi ile. Matembezi hakwenda, na njia ya msikitini ni ya majani matupu, kwa hiyo vumbi hakurudi nalo. Vumbi hakurudi nalo, kwa hiyo miguu hakuoshwa. Lengelenge likapasuka, likawa kidonda, na kidonda hakikupona. Zuwena alikuja kukijua kwa harufu. Hospitali wakamkata mguu wa kulia, chini ya goti.

Aliporudi na kiti cha magurudumu, Mzee Shaame aliwaita mkewe, Kombo na Bi Time barazani.

"Sauti bado ninayo," alisema. "Mguu sina. Kwenda msikitini ni mteremko, kurudi ni mwinuko, na sitaki kila siku niwe wa kuombewa msaada. Aliyeniondolea mguu, yeye ndiye awe mguu wangu."

Zuwena alidhani watu watatazama chini. Kombo akasimama.

"Ni mimi, yakhe. Ningekohoa, ungetoka. Ungetoka, ungerudi na vumbi, na shemegi angeliona lengelenge lingali lengelenge. Nimeutunza uungwana, nikakupoteza wewe. Kiti nipe mimi."

"Kaa chini, Kombo," alisema Bi Time. "Wewe uliacha kufanya, mimi nilifanya. Makubadhi ni yangu, na tonge ni langu. Nilimtaka kaka yangu wa zamani, nikamnunulia mguu wa zamani. Nitahama Unguja nije nimsukume."

"Ukihama utapika, wifi," alisema Zuwena bila kucheka. "Ninyi mmekosa kwa haya na kwa mapenzi. Mimi nimekosa kwa akili zangu. Sahani hairudi tupu, nalijua hilo tangu sijaolewa, na bado nikazituma. Na miguu ile, kwani mgonjwa alikuwa vumbi? Niliacha kuiosha kwa sababu haikuchafuka. Kiti ni changu."

"Shemegi, mwinuko ule hutauweza."

"Wewe kukohoa tu hukuweza, utauweza mwinuko?"

Kombo akainamisha kichwa. Zuwena alitamani neno lile limrudie kinywani, lakini lilikuwa limekwisha toka.

Ndipo Mzee Shaame aliposema, polepole, "Hesabu yenu ina pengo. Kila nilipotia udhu nilikipapasa kile kidonda kwa vidole vyangu. Kila mara nikajiambia, kidogo tu. Lakini mimi siwezi kujisukuma."

Mlangoni kukapigwa hodi. Alikuwa jirani wa chini, amekuja kumpa pole mgonjwa, na mkononi ana sahani chini ya kawa. Bi Zuwena akaipokea, akaishika kitambo, kisha akamrudishia vilevile ilivyokuja.

"Ana sukari, jirani. Ilinipasa nikwambie siku ya Sikukuu."

Jirani akabaki amesimama na sahani yake mwenyewe mikononi, asijue pa kuipeleka.

Adhuhuri ilikuwa inakaribia. Kiti kilikuwa mlangoni, kimeshikwa na mikono ya watu watatu, na hakuna aliyekubali kuuachia wake. Atakayekisukuma atakuwa amehukumiwa. Atakayenyimwa, huenda hukumu yake ikawa nzito zaidi. Mzee Shaame alifumba macho, akangoja.

Haya, ninyi mliosikiliza na ambao nyumba zenu zina sahani: je, kati yao ni nani aliyestahili kuwa mguu wa Mzee Shaame?