Sauti za Mzee Tsanko

Mjini Gabrovo, nchini Bulgaria, kitu hakitupwi. Sweta ikitoboka hufumuliwa na uzi wake ukafumwa soksi, na mkate wa juzi hurudi mezani umevikwa yai na jibini kama bibi harusi. Wenyewe hudai kwamba paka wao hukatwa mkia ili mlango ufungwe upesi wakati wa baridi, joto la jiko lisitoroke. Husema hivyo wakicheka, na mgeni hucheka nao huku akimwangalia paka kwa jicho la wasiwasi.

Kompyuta ya Nyenje, ukumbi mdogo wa vikaragosi kando ya mto Yantra, ilikuwa mzaliwa halisi wa mji huo. Kila programu iliyowahi kuingizwa humo ilibaki humo, hata ile ambayo mwandishi wake alikwisha kustaafu na kwenda kijijini kufuga nyuki. Kompyuta hiyo ndiyo iliyowasha taa za jukwaa na kupiga sauti zote za michezo. Aliyeitunza alikuwa Nevyana, mwanamke wa makamo mwenye ulimi wa mizaha na mikono isiyotetemeka. Sauti zilikuwa kazi ya Mzee Tsanko, mhandisi aliyetoka kiwanda cha mashine za kufuma, ambaye hata programu ya kuzipigia aliiandika mwenyewe. Wote wawili walikuwa na neno la siri la kuitawala mashine. Wote wawili walikuwa mabingwa. Hapo ndipo palipokuwa na kazi, kwani alichokizima mmoja asubuhi, mwenzake alikiwasha baada ya chakula cha mchana.

Ijumaa moja ya mwezi wa Machi, Dobrinka, mkurugenzi wa ukumbi, aliingia chumba cha mitambo akitabasamu kama mtoto aliyevunja chungu. Taa mpya zilikuwa zimefungwa jukwaani, lakini zilikataa katakata kusemezana na mfumo endeshi wa zamani uliokuwa kwenye kompyuta.

"Basi turudishe zile za zamani mpaka onyesho la Jumapili lipite," alisema Nevyana.

"Nimekwisha kuziuza."

"Umeziuza kabla ya kuzijaribu mpya?"

"Mnunuzi alikuja na pesa mkononi, mwanangu! Ungemwacha aende zake?"

"Mama Dobrinka, wewe ungeuza mwavuli wako katikati ya mvua, mradi mnunuzi awe amelowa kukuzidi."

Walicheka, kisha kicheko kikawakauka midomoni. Jumapili watoto wangejaa ukumbini, wengine wakiteremka kwa mabasi kutoka vijiji vya milimani. Ama mfumo mpya uwe umekwisha kuingia, ama watoto hao watazame giza.

Nevyana alipiga moyo konde. Kwanza alitoa nakala ya kila kilichokuwamo ndani ya kompyuta, akaiweka pembeni, maana mtu hapandi mti mrefu bila kuangalia atashukia wapi. Kisha akatoa amri ya kupandisha mfumo. Mfumo wa aina ile haubadilishwi kwa mkupuo mmoja kama shuka la kitanda. Umejengwa kwa vifurushi vingi, na kila kifurushi huegemea kingine kama mawe ya ukuta. Vipya huingia, vikuukuu hutoka, na mtunzaji hukaa akitazama mistari ikipanda kwenye kioo.

Mistari ilipanda vizuri, halafu ikagota. Kifurushi kipya cha sauti kilitaka kuweka faili lake mahali ambapo tayari palikuwa na faili la jina hilohilo, mali ya programu ya Mzee Tsanko. Mashine haikupiga kelele. Ilisema tu kwamba faili moja haliwezi kuwa la vifurushi viwili, ikasimama kungoja uamuzi.

"Lazimisha," alisema Mzee Tsanko, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti. "Kuna amri ya kulazimisha."

"Ipo. Hata nyundo ipo."

"Binti, programu hii inafanya kazi tangu wewe ukiwa na meno ya maziwa."

"Mimi nimeota mengine, Mzee. Yeye sasa ni kibogoyo."

Mzee Tsanko alinuna. Nevyana akatoka kwenda kununua banitsa ya moto, ule mkate wa matabaka wenye jibini, dukani, akiamini kwamba tumbo likishiba hata mabishano hulainika. Aliporudi alimkuta mzee amekaa kwenye kiti kile kama jogoo juu ya jaa. Alikuwa ametoa amri ya kulazimisha, na kazi ilikuwa imekwisha.

"Tazama! Wote wawili wamo ndani, na hakuna aliyekufa."

"Wape muda," alisema Nevyana, akauma banitsa yake.

Jioni waigizaji walifanya mazoezi. Taa mpya ziliwaka, nyekundu ikayeyuka ikawa samawati kama alfajiri, na Dobrinka akapiga makofi kwa nguvu. Kisha kikaragosi cha korongo kikatua bwawani, mahali ambapo vyura walipaswa kuimba. Programu ya mzee ililitafuta faili lake la zamani, ikakuta la mgeni. Badala ya vyura kukatoka mkoromo wa kutisha, kama trekta linalokabwa koo. Taa zikaganda. Kioo kikawa cheusi, mashine nzima ikanyamaza kimya cha kaburi, na msichana aliyemchezesha korongo akabaki amemning'iniza hewani, hajui amshushe au ampandishe.

Dobrinka alijibwaga kitini. Mzee Tsanko akauliza kwa sauti ndogo, "Imekufa?"

Nevyana alikuwa na maneno tele ulimini, makali kama pilipili. Akayameza. Yeye mwenyewe alifundishwa kazi na mitambo kwa makofi, na alijua kwamba aliyekwisha kuzabwa hahitaji kofi la pili. "Imezimia," alisema. "Kesho itaamka."

Jumamosi asubuhi aliirudisha ile nakala, na kompyuta ikaamka ikiwa na mfumo wake wa zamani, kana kwamba hakuna lililotokea. Ndipo alipomgeukia mzee. "Tumerudi pale pale njia panda. Safari hii kimoja lazima kitoke kabla kingine hakijaingia. Na bila kile kipya, mfumo unaotakiwa na taa hauingii."

"Sauti zangu zote nilizihifadhi kwa namna ambayo programu yangu peke yake inaisoma," alisema Mzee Tsanko. "Ukiitoa, umezizika. Vyura wale niliwarekodi kwenye bwawa la nyuma ya kiwanda, magoti yangu yakiwa ndani ya matope. Bwawa limefukiwa, siku hizi watu wanaegesha magari pale. Wimbo ule haumo tena duniani isipokuwa humu."

"Mbona hukusema jana?"

"Ungenicheka."

"Ningekucheka, ndiyo. Kisha ningekusaidia. Vyote viwili naviweza."

Mzee alicheka bila kutaka, akavuta kiti. Mfumo wa zamani ulikuwa bado unapumua, na programu yake ilikuwa bado inazijua sauti. Akaanza kuzitoa moja baada ya nyingine, kila moja akiigeuza katika namna ambayo programu yoyote ingeweza kuisoma, kila moja akiisikiliza mpaka mwisho kabla ya kuiachia. Hakuna mwingine ambaye angeifanya kazi ile, kwani njia ya kuingilia ghala lile ilikuwa kichwani mwake. Kwato za farasi, kumbe, zilikuwa vikombe viwili vya mtindi vilivyogongwa kwenye ubao. Radi ilikuwa bati la paa la mama yake. Nevyana, ambaye hakuwahi kukosa neno la utani, alijikuta akimsikiliza kama mwanafunzi, akistaajabu jinsi mtu mmoja alivyojenga dunia nzima kwa takataka ambazo mji wake haukukubali kuzitupa.

Vyura walikuwa wa mwisho. Walipokwisha kutoka salama, Nevyana alinyoosha mkono aandike amri ya kuiondoa programu ile, lakini mzee akamzuia.

"Niachie. Niliileta mwenyewe, nitaisindikiza mwenyewe."

Aliandika. Mashine ikauliza kama ana hakika. Mzee Tsanko alifuta miwani yake kwa ncha ya shati, akaivaa, akajibu ndiyo. Baada ya hapo mfumo mpya uliingia kama maji mferejini, haukugota popote.

"Sasa badilisha neno la siri," alisema mzee, "na usiniambie."

"Mzee, sikufukuzi."

"Najua. Lakini mimi na wewe tulikuwa kama vile vifurushi, kila mmoja anaandika juu ya mwenzake. Mashine iwe yako. Sauti ziwe zangu. Nikitaka kitu kwako, nitabisha hodi."

"Nami nikitaka mbwa wa kubweka, nitabisha kwako."

"Ubishe kwa adabu."

Jumapili ukumbi ulifurika. Nevyana alikaa peke yake kwenye chumba cha mitambo, na kupitia kioo cha dirisha alimwona Mzee Tsanko mahali ambapo hakuwahi kukaa hata siku moja: katikati ya watoto, magoti yakimgusa kidevu kwenye kiti kifupi. Alfajiri ya samawati ikapambazuka jukwaani. Korongo akatua. Nevyana akabonyeza, na vyura wa lile bwawa lililofukiwa wakaimba ukumbi mzima, wazi na wenye matope, kana kwamba maji yamerudi. Msichana mdogo kando ya mzee aliinama haraka kuwatafuta chini ya viti, na Mzee Tsanko, uso umemchangamka, akainua miguu yake yote miwili ili mtoto aangalie vizuri.

Nyenje haikumpoteza bingwa wake hata mmoja, kwa sababu kila mmoja alipata pake pa kutawala. Ama kwa hakika, mafahali wawili hawakai zizi moja.