Upepo wa Mgongoni

Mtu mmoja alikuwa na baiskeli na binti wa pekee, na binti huyo, Nyemo, akashikwa na homa kali. Kwenye zahanati dawa ilikuwa imekwisha. Waliambiwa ipo hospitali ya misheni, ng'ambo ya mbuga, na mtoto aipate kabla jua halijazama. Baba yake, Chilongani, akamwambia mkewe asihofu, akaondoka.

Asubuhi ile upepo ulikuwa mgongoni mwake. Upepo wa mgongoni hausikiki. Mtu hudhani hewa imetulia, na kwamba miguu yake ndiyo yenye nguvu. Katikati ya mbuga alikutana na mzee anakokota baiskeli yenye gunia la chumvi, kainamisha kichwa, midomo imempasuka. Desturi ya mbuga ile ni kwamba mwenye upepo mgongoni hushuka, akampa maji anayekabiliana nao. Chilongani hakushuka.

“Mzee, baiskeli haikokotwi, inapandwa,” alisema, akapita.

Alifika baada ya saa mbili tu, akapewa dawa. Akapiga hesabu yake: nimekuja kwa saa mbili, nitarudi kwa saa mbili. Basi akaketi mgahawani, akala wali bila haraka, akawasimulia watu habari za miguu yake hadi jua likapita utosini.

Alipogeuza baiskeli, upepo ulimpiga kifuani. Alikanyaga kwa nguvu zake zote, na baiskeli ikawa inatambaa. Maji yalimwishia. Mbele kidogo alishuka, akaanza kukokota. Vijana wawili wenye baiskeli walikuja mbio kutoka upande wa kijijini kwake, akawainulia mkono aombe maji. Walimpungia wakicheka, wakapita. Chilongani akaogopa, na hofu haikumwongezea mwendo.

Jua lilizama angali mbugani. Upepo ule ule ulimletea kilio cha wanawake kabla hajaiona nyumba yake.

Mkewe alikuwa ameketi chini, mlangoni. Chilongani akamnyooshea dawa, kwa maana hakujua la kufanya nayo.

“Ni upepo, mama Nyemo,” alisema. “Upepo umenichelewesha.”

Mkewe hakuipokea. Akauliza, “Kwani asubuhi haukuwapo?”

Nanyi mliofika mapema maishani, mngemjibu nini mwanamke yule?